Kona ni miadi: mwongozo kamili wa kupata mabao zaidi kwa mipira ya kona

Tazama kona kumi za mechi ya kawaida, saba au nane zitafanana. Mpigaji anainua mkono, mpira unapanda kuelekea kundi la watu, na kila mmoja anaomba kichwa kitakachoufikia kwanza kiwe cha timu yake. Ndiyo maana hata kwenye ligi kubwa kona zinazozaa bao ni chache, chini ya tano katika kila mia. Timu inayopata kona tano kwa mechi na kuzipiga kwa kubahatisha inaweza kumaliza mwezi mzima bila kuambulia kitu.

Tatizo kubwa ni mpangilio wa fikra. Makocha wengi huanza na mtu: "Mtafuteni yule mrefu." Beki wa upande wa pili naye anamjua yule mrefu, amemshika jezi tangu mpira haujatengwa. Anza na mahali, fuata wakati, mtu awe wa mwisho. Kona ni miadi kati ya mpira na mchezaji, na miadi isiyo na mahali wala saa haifiki popote.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini saa ni muhimu. Kwenye uwanja wenye upana wa mita 68, kutoka kibendera hadi nguzo ya karibu ni mita 30 na ushee, hadi katikati ya goli mita 34, hadi nguzo ya mbali karibu mita 38. Krosi kali inayosafiri mita 20 kwa sekunde inafika katikati ya goli kwa sekunde 1.7. Mchezaji aliyesimama anahitaji kama sekunde mbili kukimbia mita 10. Kwa hiyo anayesubiri mguu uguse mpira ndipo aanze mbio, ameshachelewa. Mbio zinaanza mpigaji anapoweka hatua zake mbili za mwisho. Kama uwanja wenu una upana tofauti, pimeni kwa hatua na mjue umbali wenu, kwa sababu mpigaji aliyezoea mita 30 atapiga fupi kwenye mita 34 siku zote.

Sheria zinazofanya kazi upande wako

Mpira unatengwa ndani ya robo duara yenye nusu kipenyo cha mita 1, na wapinzani wote wakae angalau mita 9.15 kutoka kwenye robo duara hiyo mpaka mpira uwe mchezoni. Mpira unakuwa mchezoni ukipigwa na kusogea waziwazi. Kibendera hakisogezwi wala kung'olewa. Mpigaji haruhusiwi kuugusa tena kabla haujaguswa na mtu mwingine. Akifanya hivyo ni faulo isiyopigwa moja kwa moja golini.

Hakuna kuotea kwa anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye kona. Hii ndiyo inayowaruhusu wachezaji wako kusimama puani kwa kipa. Lakini msamaha huo unakwisha kwenye mguso wa kwanza tu. Kona fupi ndipo timu nyingi hunaswa: mpigaji anampa mwenzake aliye mita 6, mwenzake anamrudishia, na mpigaji bado yuko pale pale karibu na mstari wa goli, mbele ya mpira na mbele ya mabeki waliosogea juu. Mshika kibendera ananyanyua, na benchi zima linalalamika bila sababu. Mpigaji wa kona fupi akishatoa pasi arudi haraka kuelekea nje, awe nyuma ya mpira kabla haujarudishwa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mikiki inayotokea kabla mpira haujapigwa haiwezi kuwa penalti wala faulo. Mwamuzi ataonya au kutoa kadi, kisha kona ipigwe. Baada ya mpira kupigwa, msukumo wako mmoja unafuta kila kitu. Mzibaji wako, yaani anayemfungia beki njia, ajue tofauti hiyo.

Na tangu msimu wa 2025/26, kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Haitokei kila siku, ila ikitokea wachezaji wengi huduwaa. Mpangilio wenu uwe tayari hata kwa kona ambayo hamkuitafuta.

Kuchagua mahali

Gawa eneo mbele ya goli katika sehemu tano na zipeni majina mafupi ambayo kila mchezaji anayakumbuka akiwa amechoka: Karibu (mbele ya nguzo ya karibu, ndani ya boksi dogo), Kati (usoni pa kipa), Mbali (nguzo ya mbali), Penalti (kuzunguka alama ya mita 11), na Ukingo (mstari wa boksi kubwa na nusu duara).

Kwa timu isiyo na watu warefu, Karibu ndipo penye faida. Mpira unafika mapema, kipa hana muda wa kutoka, na beki anayeugusa vibaya anaweza kujifunga. Didier Drogba wa Chelsea alisawazisha fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2012 pale Munich kwa kichwa cha namna hiyo, dakika ya 88: mpira wa Juan Mata, mbio kuelekea nguzo ya karibu, mguso mmoja. Kati ni pagumu zaidi kwa sababu kipa anatumia mikono, isipokuwa mmemfunga njia. Mbali panataka mpigaji mwenye nguvu na mpira usioelea angani, kwani mpira ukikaa juu muda mrefu mabeki wote hugeuka na kujipanga. Penalti panamfaa anayekuja kwa kasi kutoka nje. Ukingo ni pa mashuti na mpira wa pili, yaani ule uliookolewa ukatoka nje ya msongamano.

Chagueni sehemu mbili tu za kuanzia msimu. Timu yenye kona mbili zilizozoeleka itafunga zaidi ya timu yenye kona nane zilizochorwa kwenye daftari.

Mpigaji: nusu ya kazi iko hapa

Kuna kona inayoingia, ambayo mpira unakunja kuelekea goli, na kona inayotoka, ambayo mpira unakunja kuliacha goli. Mwenye mguu wa kulia akipiga kutoka kushoto mwa washambuliaji, mpira unaingia. Akipiga kutoka kulia, unatoka. Mpira unaoingia hauhitaji nguvu ya kichwa: mguso mdogo tu unatosha, na hata usipoguswa unaweza kuzama wavuni wenyewe. Hasara yake, ukizidi urefu unaangukia mikononi mwa kipa. Mpira unaotoka unamwendea mshambuliaji anayekuja, hivyo anaupiga kichwa kwa nguvu, na kipa anasita kuufuata. Hasara yake, ukiokolewa huwa unaangukia mbali na goli lao, miguuni mwa watu wanaotaka kukimbia.

Nini cha kuchagua? Kipa mfupi au mwoga wa msongamano: mpira unaoingia. Kipa anayetoka vizuri na kudaka: mpira unaotoka, kuelekea Penalti. Upepo unaovuma kuelekea goli unaongeza mkunjo wa mpira unaoingia, kwa hiyo mpigaji alenge mita moja au mbili nje zaidi ya kawaida yake. Upepo ukivuma kinyume, usihangaike nao. Pigeni kona fupi.

Sasa mguu wenyewe. Kwa kona inayoingia, mpira ukiutenga katikati ya robo duara, kibendera kinakaa kwenye njia yako ya kukimbilia na utajikuta ukikwepa mti badala ya kufikiria mpira. Utenge kwenye ncha, pale robo duara inapokutana na mstari, na njia inafunguka. Ncha iliyo kwenye mstari wa goli inakupunguzia pia karibu mita nzima ya umbali. Kona inayotoka haina shida hiyo kwa kuwa mpigaji anatokea ndani ya uwanja.

Hatua nne au tano zinatosha. Mguu wa kusimamia uwe shibiri moja hivi pembeni ya mpira, kidole kikielekea unakotaka mpira uanzie safari. Gusa mpira kwa mfupa ulio juu ya shina la kidole gumba, chini kidogo ya katikati ya mpira na upande wa nje, kifundo kikiwa kimekazwa. Mguu umalizie kwa kukatiza mbele ya mwili. Kiwiliwili kikiegemea nyuma sana mpira unapaa na kupoteza kasi; kikiinama sana mbele, unakwenda chini na kumgonga beki wa kwanza.

Huyo beki wa kwanza ndiye adui mkubwa wa kona kuliko kipa. Husimama kwenye pembe ya boksi dogo, kama mita 25 kutoka kibendera. Akiruka, kichwa chake kinafika karibu mita 2.5. Mpira wa Karibu unatakiwa upite juu yake, kisha ushuke hadi usawa wa paji la uso la mwenzako mita 5 au 7 mbele. Si mpira wa kuelea. Ni mpira wa kasi unaoshuka.

Zoezi la mpigaji peke yake: weka mtu au fimbo ya mita 2.5 kwenye pembe ya boksi dogo, chora mraba wa mita 3 kwa 3 mahali mlipochagua, piga mipira 20. Inahesabika ile tu iliyovuka fimbo na kupita juu ya mraba katika usawa wa kichwa. Mpigaji asiyefikisha 12 kati ya 20 hayuko tayari kuwekewa watu ndani ya boksi, maana mtawachosha kumi kwa kosa la mmoja. Mzoeshe mpigaji mmoja kwa kila upande, na mmoja wa akiba.

Kuwasoma wanavyokaba

Kona ya kwanza ya mechi itumieni pia kama darasa. Mchezaji mmoja, kwa kawaida yule wa Ukingo mwenye macho mazuri, apewe kazi ya kuangalia mambo matatu: mabeki wanamfuata mtu au wanasimama mahali? Nguzo zina watu? Nani ameachwa mbele?

Wakikaba mtu kwa mtu, utaona kila beki amemgusa wake na macho yake yako kwa mtu badala ya mpira. Timu ya namna hii inaumizwa na mbio za kupishana. Wachezaji wawili wakipishana kwa karibu, mabeki wao wanagongana au wanachelewa nusu hatua, na nusu hatua ndiyo kona nzima. Chambo naye anafanya kazi hapa: akikimbia kwa dhati kwenda Karibu, anaondoka na beki wake na kuacha pengo nyuma yake. Neno "kwa dhati" ni la kutiliwa mkazo. Chambo anayetembea hamdanganyi mtu.

Wakikaba kwa eneo, utaona mstari wa watu watatu hadi watano wamesimama kwenye boksi dogo wakitazama mpira. Hao wanaruka kutoka wima, bila mbio. Silaha ni kuwajia kwa kasi kutoka mita 8 au 10. Carles Puyol, beki mwenye urefu wa sentimita 178, aliipeleka Hispania fainali ya Kombe la Dunia 2010 kwa kichwa kutokana na kona ya Xavi, akitokea mbali na kuruka juu ya Wajerumani waliomzidi urefu. Kwenye ukabaji wa eneo pia lenga pengo kati ya mtu na mtu badala ya mtu mwenyewe, na peleka wachezaji watatu kwenye sehemu yenye mabeki wawili.

Siku hizi timu nyingi huchanganya: watatu wanne wanalinda eneo, waliobaki wanawafuata watu wenu hatari. Hapo wazibaji wako wawashughulikie wale wafuasi, na wale wa eneo waachieni wakimbiaji.

Mzibaji anafanyaje bila kupewa faulo? Sheria inampa kila mchezaji haki ya nafasi aliyosimama. Kosa ni kuhama ili kuingia kwenye njia ya mwenzio. Kwa hiyo mzibaji afike mapema, asimame, miguu imetanuka kwa upana wa mabega, mikono iwe chini au imekunjwa kifuani, macho yatazame mpira. Mwenzake ndiye anayempitia karibu, bega kwa bega, ili beki anayefuata akutane na ukuta. Mzibaji anayenyoosha mkono au kumgeukia beki usoni anamwita mwamuzi kwa jina.

Kona tatu za kuanzia

Ya kwanza ni kuparaza kwenye nguzo ya karibu. Mpigaji wa kona inayoingia. Wachezaji watano ndani: A anasimama mita 3 mbele ya nguzo ya karibu, kwenye ukingo wa boksi dogo. B yuko mbele ya kipa, mgongo ukimgusa kidogo. C na D wako kwenye alama ya penalti, wameshikana kama pacha. E yuko nyuma yao, mita 14 kutoka mstari wa goli.

Mpigaji anainua mkono, anaushusha. A anatoka hatua mbili kuelekea kibendera kana kwamba anataka kona fupi; beki wake anamfuata na pengo linafunguka. Mpigaji yuko hatua mbili kabla ya mpira: C anachomoka kuelekea pengo hilo, D anabaki hatua moja kumziba beki wa C, kisha naye anakata kwenda Mbali. Mpira unavuka kichwa cha beki wa kwanza, C anaufikia usawa wa paji la uso. Hapigi kichwa kwa nguvu. Anageuza shingo kidogo tu, anauparaza uendelee na safari yake. Kipa, ambaye alishaanza kusogea upande wa karibu na kumkuta B njiani, anatazama mpira ukipita nyuma yake. D anaingia Mbali, E anafunika Kati. Wakisubiri mpira uparazwe ndipo waingie, wamechelewa. Wanatakiwa wawe mita 2 kutoka mstari wa goli wakati huo, wakiendelea kwenda mbele.

Kona hii huharibika kwa njia mbili. C anafika mapema, anasimama kusubiri mpira, na beki anamruka kwa nyuma. Au C anataka utukufu, anapiga kichwa kuelekea goli kutoka pembeni na mpira unakwenda nje. Mwambieni kazi yake inahesabiwa kama bao hata akigusa kwa nywele.

Ya pili ni treni. Wachezaji wanne wanajipanga mstari mmoja kwenye alama ya penalti, mmoja nyuma ya mwingine, kama Uingereza walivyofanya kwenye Kombe la Dunia la 2018, ambako mabao 9 kati ya 12 waliyofunga yalitokana na mipira iliyokufa, yaani inayopigwa ikiwa imetengwa, penalti zikiwemo. Faida ya treni ni kwamba beki hawezi kusimama kati ya watu, hivyo anamkaba mtu wake kutoka nje ya mstari na hajui atatokea upande gani. Wa kwanza anakwenda Karibu, wa pili Kati kwa kipa, wa tatu anabaki kuziba, na wa nne, ndiye mlengwa, anazunguka nyuma yao wote kuelekea Mbali. Mpira uwe mrefu, unaotoka kidogo. Msiutumie zaidi ya mara mbili katika mechi moja na mlengwa yule yule. Mara ya tatu beki atamsubiri mwisho wa reli.

Ya tatu inapigwa chini. Inafaa mnapokuwa wafupi, au wapinzani wakirundika watu wote kwenye boksi dogo. Wachezaji wenu wanne wanakimbia kwa kelele kuelekea goli, mabeki wanarudi nao, na mpigaji anatoa pasi ngumu ya chini hadi mita 14 kutoka mstari wa goli, sambamba na nguzo ya karibu. Anayeipokea alikuwa amejificha nusu duara akijifanya kufunga kamba za viatu vyake. Anapiga mara moja, bila kutuliza, chini kuelekea nguzo ya mbali. Pasi hiyo inasafiri karibu mita 33, kwa hiyo uwanja wenye mabonde unaiua. Kama nyasi hazina usawa, achaneni nayo.

Kona fupi yenyewe ni suala la kuhesabu. Mwenzako anasogea hadi mita 5 kutoka kwa mpigaji. Akitoka beki mmoja, ninyi ni wawili kwa mmoja: chezeni, ingieni boksi kwa pembe nzuri zaidi. Wakitoka wawili, boksi limepungukiwa mtu: pigeni krosi ya kawaida. Asipotoka yeyote, mwenzako aupokee na kupiga krosi kutoka mita 10 ndani zaidi. Na wakati mwingine kinachotakiwa ni wepesi tu. Mei 2019 Trent Alexander-Arnold aliona Barcelona wamesinzia, akaugeukia mpira aliokuwa kama anauacha, akampigia Divock Origi peke yake ndani ya boksi. Bao la nne, Liverpool fainali. Hilo halikuhitaji mchoro, lilihitaji mtu mmoja aliyekuwa anatazama.

Kichwa chenyewe

Mshambuliaji aupige mpira ungali mbele yake, kwa paji la uso, macho wazi, shingo ngumu. Anayesubiri mpira umfikie hufungua mdomo na kufumba macho. Mpira unamgonga utosini na kupaa juu ya mtambaa wa panya. Lengo ni chini, mpira udunde karibu na mstari wa goli, kwa sababu kipa hushuka polepole kuliko anavyoruka. Ukiwa Mbali, urudishe ulikotoka: kipa bado anasogea upande wako.

Wanaobaki nyuma

Tarehe 2 Julai 2018, Japani na Ubelgiji walikuwa 2–2, dakika za nyongeza. Japani wakapata kona, wakaijaza boksini. Thibaut Courtois, kipa wa Ubelgiji, akaidaka, akaviringisha mpira kwa Kevin De Bruyne, naye akakimbia nao katikati ya uwanja bila mtu wa kumsumbua, akampa Thomas Meunier kulia, krosi ikaja chini, Romelu Lukaku akauacha upite, Nacer Chadli akafunga. Sekunde chache tu tangu kona ipigwe. Mchezo ukaisha.

Gawanyo salama kwa wachezaji kumi wa ndani ni hili: mpigaji mmoja, watano boksini, wawili Ukingo, wawili nyuma. Kanuni ya nyuma ni mmoja zaidi ya waliobakizwa na wapinzani: wakiacha mmoja, ninyi wawili, wakiacha wawili, watatu, na mmoja anatolewa boksini. Walinzi hao wasisimame kwenye mstari wa katikati kwa mazoea. Wamsogelee mshambuliaji aliyeachwa hadi umbali wa mkono, mmoja amguse, mwingine afunike mita 5 nyuma.

Wale wawili wa Ukingo ndio wanaoamua kama kona imeisha au inaendelea. Mmoja asimame katikati ya nusu duara, mwingine upande wa mpira. Mpira ukiokolewa, wana chaguo mbili tu: kushuti au kuurudisha pembeni kwa mpigaji, ambaye kufikia hapo awe ameshatoka kwenye mstari wa goli. Kudhibiti mpira na kupiga chenga mahali hapo ni kujitafutia kaunta, yaani shambulizi la haraka la kujibu. Na kipa wao akidaka, mtu wa karibu naye kabisa, yaani B, asimame mbele yake bila kumgusa wala kumzuia kuachia mpira, ili tu asirushe haraka. Kukaa nje ya njia ya mikono yake ni lazima; ukiingilia anapoachia mpira ni kosa.

Mazoezi na kumbukumbu

Dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa wiki, zinatosha. Mara ya kwanza iwe mwanzoni mwa mazoezi, miguu ikiwa mibichi, ili mpigaji apige kwa usahihi. Mara ya pili iwe mwishoni, kwa sababu kona nyingi za maana huja watu wakiwa wamechoka.

Endeni hivi. Kwanza tembeeni mpango bila mpira, kila mtu aseme kwa sauti anaanzia wapi na anaishia wapi. Pili, mpigaji apige bila mabeki, mipira 8, mkitazama saa tu: nani anafika mapema, nani anachelewa. Tatu, wekeni mabeki wanaosimama bila kuruka, mipira 6. Nne, mabeki wa kweli na kipa wa kweli, mipira 6, na kila kona ichezwe mpaka mpira utoke nje au uvuke katikati, ili wa Ukingo na wa nyuma nao wafanye kazi yao. Makocha wengi hupuliza filimbi kichwa kikishapigwa, kisha wanashangaa mechi inapowaletea mpira wa pili.

Ishara ziwe rahisi. Mkono mmoja juu ni Karibu, miwili ni treni, kushika soksi ni ya chini. Badilisheni maana kipindi cha pili, maana benchi la wapinzani nalo lina macho.

Andikeni kila kona ya mechi kwenye daftari: upande, mpango, nani aligusa wa kwanza, kama kulikuwa na shuti, kama mlishambuliwa baada yake. Msihesabu mabao peke yake, ni machache mno kukupa picha. Baada ya kona 20, tazameni mguso wa kwanza. Kama wenu ni chini ya 7, mwalimu arudi kwa mpigaji na saa ya mbio. Kama mnagusa lakini hampati shuti, mahali mlipochagua ni pabaya au anayegusa anafika amesimama. Mkipata mashuti bila mabao, vumilieni, msibadilishe mpango.

Dakika za mwisho

Mkiwa mbele kwa bao moja dakika ya 88, kona si ya kupiga boksini. Ni fupi, watu wawili pembeni ya kibendera, mwili kati ya beki na mpira, na watano wamebaki nyuma.

Mkiwa nyuma na kipa wenu akapanda, asijipange katikati ya kundi. Asimame Ukingo hadi mpigaji aanze mbio, kisha aingie Penalti. Hakuna beki aliyepangiwa kumkaba. Alisson, kipa wa Liverpool, alifunga hivyo dhidi ya West Bromwich Albion Mei 2021, dakika ya 95, akiwa hana mtu wa kumbughudhi. Wakati huo mmoja wa walinzi wawili wa nyuma anakwenda kusimama mbele ya goli lenu tupu, na jina lake liwe limetajwa tangu mazoezini.